Nauli ya ndege isome mpaka mstari wa mwisho

Nawakatia tiketi ndugu na majirani hapa Tanga, na swali linalorudi kila mara ni hili: "Kampuni kubwa nayo imeshusha bei ikalingana na ile ya bei chee, sasa si bora nipande kubwa?" Mimi husema tufungue kwanza masharti ya hiyo nauli, bei tutaizungumza baadaye.

Kampuni za bei chee huuza kiti kitupu. Begi lina bei yake, kuchagua kiti kuna bei yake, kubadili tarehe vilevile. Wanayaweza hayo kwa sababu gharama zao ziko chini. Ryanair ya Ireland kwa miaka mingi imejengwa juu ya Boeing 737, hivyo rubani, fundi na vipuri ni vya aina moja, na ndege ikitua haikawii kuruka tena.

Kampuni kubwa haina wepesi huo. Tena ikishusha nauli kwa abiria wote, hata yule wa kikazi ambaye ofisi ingemlipia bei ya juu atalipa kidogo. Kwa hiyo wakagawa kiti kilekile cha nyuma, cha daraja la kawaida, kwa nauli mbili. Marekani, Delta ilianza na nauli ya chini kabisa mwaka 2012, United na American wakafuata 2017. Ndege ni ileile, ila haki zimepunguzwa: huwezi kubadili tarehe kwa urahisi, kiti unapangiwa, unaingia mwisho. United, katika safari za ndani, begi la kuweka juu ya kiti halimo. Unaruhusiwa lile dogo la chini ya kiti tu. Bei hiyo kazi yake ni kukufanya uione kampuni kwenye simu unapolinganisha. Ukishaingia, unaoneshwa nauli ya pili yenye begi na kiti, na hapo ndipo wanapotarajia utoe pesa.

Wengine huanzisha kampuni tanzu ya bei chee. Qantas ya Australia ina Jetstar, na jirani zetu Kenya Airways walianzisha Jambojet mwaka 2014. Hiyo yatuhusu, kwa kuwa mtu wa Tanga anayekwenda Nairobi anaweza kuvuka mpaka wa Horohoro akapandia ndege Mombasa.

Hapa kwetu Fastjet iliingia 2012 na nauli za kuanzia dola 20 kabla ya kodi, ikaacha kuruka 2018. Watu wengi walipanda ndege mara ya kwanza kwa sababu yake, na mimi naamini ushindani wa namna ile unamfaa abiria hata asipoipanda kampuni ndogo yenyewe.

Sasa hesabu. Mama mmoja wa Ngamiani alikuwa anakwenda harusini Mwanza, ana mikeka na kiroba cha machungwa ya Muheza. Nauli ya chini ilikuwa haina mzigo, na ndege inaondoka alfajiri. Tukaandika kwenye karatasi: nauli, kilo za ziada, basi kutoka stendi ya Kange, gesti ya kulala Dar, bajaji ya usiku. Nauli ya ndege nyingine ilikuwa juu kidogo, ila ilibeba kilo 23 na iliondoka jioni, kwa hiyo basi la asubuhi lingemfikisha kwa wakati. Ikawa nafuu, na gesti haikuhitajika.

Mwanafunzi mwenye begi la mgongoni na tarehe isiyobadilika, achukue ile ya chini bila wasiwasi. Mwenye watoto wadogo aulize kwanza kama watakaa pamoja. Anayesafiri kwa ajili ya mgonjwa, ambapo siku ya kurudi haijulikani, namsihi alipie nauli inayobadilika, maana kununua tiketi mpya siku ya safari huumiza sana.

Na kabla ya kubonyeza kulipa, piga picha ya ukurasa wa masharti, uonekane uzito wa mzigo na gharama ya kubadili tarehe. Ukibishiwa kaunta, unaonesha simu.