Ganda Kavu, Krimu Nzito: Majibu kwa Wapika Kanoli, Binye na Bomboloni

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu vitafunio vya Kiitaliano vinavyojazwa krimu au rikota: kanoli za Sisilia (ganda la unga linalozungushiwa bomba na kukaangwa), binye (vimviringo vyepesi vya kuoka, vyenye uwazi ndani), bomboloni (donati zisizo na tundu) na sfogliatella za Napoli (vitafunio vya kuoka, vya matabaka au vya unga wa biskuti). Yaliyofanana tumeyaunganisha. Vipimo tunavitoa kwa gramu, na tunawasihi mtafute mizani ya jikoni, hata ile ndogo kabisa. Kikombe cha unga cha mtu mmoja huwa gramu 120 na cha mwenzake 150, na tofauti hiyo inatosha kuharibu ganda la kanoli.

Rikota, ile jibini laini ya Kiitaliano, siipati madukani, kwa hiyo nakatisha maziwa mwenyewe kwa ndimu. Ladha ni nzuri, lakini nikishatia sukari krimu inakuwa uji na kuchuruzika kwenye kanoli. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Rikota yako bado ina maji, na huenda unaipiga kwa blenda. Hata ikionekana nzito bakulini, maji yamejificha ndani ya chembe zake. Sukari inayavuta nje, na blenda inamalizia kazi kwa kuzivunja chembe zenyewe.

Anza upya hivi. Pasha lita 3 za maziwa freshi yasiyotolewa malai, kwa moto mdogo, mpaka nyuzi 90. Kama huna kipimajoto, angalia ukingo wa sufuria: vipovu vidogo vimeuzunguka, lakini maziwa hayajaumuka. Zima moto, tia mililita 90 za maji ya ndimu au siki nyeupe, koroga mara mbili tatu tu, funika na uache dakika 20. Mkono ukizidi hapa, chembe zinakakamaa kama mpira na unapata jibini ya kukaanga badala ya rikota. Yateke maziwa yaliyoganda kwa upawa, polepole, uyaweke kwenye kitambaa cheupe cha pamba juu ya chujio, bakuli likiwa chini. Lita 3 hutoa kama gramu 500 hadi 600. Sasa weka kwenye friji usiku kucha, na ukipata nafasi ya saa 24 ni bora zaidi. Bonyeza kwa mgongo wa kijiko. Maji yakitokeza pembeni, bado haijakauka.

Kwa gramu 500 za rikota iliyokauka tia gramu 150 za sukari ya unga, ile ya kupambia keki. Changanya kwa mwiko, pumzisha kwenye friji saa 1, kisha isukume kwenye chekeche laini mara mbili. Chekeche ndiyo inayoleta ulaini wa krimu ya kanoli, wala huhitaji mashine. Vipande vidogo vya chokoleti, gramu 60 hivi, vitie mwisho.

Kwa kawaida Wasisilia hutumia rikota ya maziwa ya kondoo, ambayo ina mafuta mengi kuliko ya ng'ombe. Ndiyo maana tunasisitiza maziwa yasiyotolewa malai. Yale ya boksi yanayokaa miezi bila friji yaache: hukatika, lakini chembe zake ni ndogo na dhaifu, nyingi zinapita na maji.

Mapishi yote ya ganda la kanoli yanataja mvinyo wa Marsala na mafuta ya nguruwe. Sisi nyumbani hatutumii vyote viwili. Kuna njia? Na mbona ganda langu halitoki malengelenge? (Msomaji, Mombasa)

Njia ipo, na ganda linatoka zuri. Badala ya mafuta ya nguruwe tumia samli au siagi, kipimo kilekile. Marsala huleta ladha, rangi na uchachu kidogo. Weka maji ya zabibu nyekundu na uongeze siki. Ila punguza sukari, kwa sababu maji ya zabibu yana sukari yake na ganda litaungua nje kabla halijakauka ndani.

Kwa maganda 16 hivi: unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 10, kakao kijiko 1 cha chai, mdalasini robo kijiko, chumvi kidogo, samli gramu 30, yai 1, maji ya zabibu mililita 50 na siki mililita 15. Fikicha samli kwenye unga kwanza, ndipo utie vya majimaji. Kinyunga kiwe kigumu kuliko cha chapati. Kikikunata mikononi umezidisha maji. Kanda dakika 8, funika, pumzisha saa 1 au zaidi. Siki inalegeza gluteni, yaani mvutano wa unga wa ngano, ili unga usirudi ukiusukuma.

Sasa malengelenge. Hutokea pale mvuke unapoisukuma ngozi nyembamba ya unga ndani ya mafuta ya moto. Ngozi ikiwa nene mvuke hauna nguvu ya kuiinua, unabaki na ganda la biskuti. Sukuma mpaka milimita 1, uweke kinyunga juu ya gazeti na uone kivuli cha maandishi. Mwenye mashine ya tambi apitishe mpaka namba ya mwisho au ya kabla yake. Na usimwage unga mwingi kibaoni: unaobaki juu ya kinyunga huungua kwenye mafuta na kuyachafua.

Kata duara za sentimita 10, zungushia bomba na ugandishe ncha kwa ute wa yai. Ute usiguse bomba hata tone, la sivyo ganda halitachomoka. Kaanga kwa nyuzi 180, mafuta yawe na kina cha kuelea, dakika 1 hadi 2.

Mabomba ya chuma ya kanoli hayapatikani hapa. Nitumie nini? (Msomaji, Arusha)

Mwanzi! Hata jina lenyewe limetoka huko: kwa Kiitaliano *canna* ni tete au mwanzi, na *cannolo* ni kijiti chake. Wasisilia wa zamani walikuwa wakizungushia unga kwenye vipande vya matete, kabla ya mabomba ya chuma. Tafuta mwanzi mkavu ambao haujapakwa rangi wala dawa, unene wa sentimita 2, ukate vipande vya sentimita 13 bila kifundo katikati, usugue kwa msasa, uoshe na uukaushe juani siku mbili. Mwanzi wenye unyevu unaweza kupasuka kwenye mafuta. Upake mafuta kidogo kabla ya kutumia mara ya kwanza. Ganda likitoka kwenye karai lingoje dakika 1, lishike kwa kitambaa, lizungushe kidogo ndipo ulivute.

Krema pastichera yangu, ile krimu ya maziwa na viini vya mayai, jioni inakuwa nzito vizuri. Asubuhi naikuta imekuwa maji. Konflawa nimeongeza hadi gramu 70 na bado. (Msomaji, Dodoma)

Acha kuongeza konflawa, unapata ladha ya wanga bure. Tatizo lako ni moto. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachomeng'enya wanga, na hakifi mpaka krimu ikaribie kuchemka. Ukiipua mara tu inapoanza kuwa nzito, kimeng'enya kinabaki hai na kinaendelea kula wanga wako usiku kucha ndani ya friji. Wengi huipua mapema kwa kuogopa mayai yasikatike, lakini wanga uliomo unayalinda.

Maziwa mililita 500, viini 5, sukari gramu 130, konflawa gramu 45, ganda la limau 1 bila ile nyama nyeupe. Changanya sukari na konflawa zikiwa kavu, kisha ndiyo utie viini na upige papo hapo. Viini vikiachwa na sukari tupu vinatengeneza punje ngumu zisizoyeyuka. Maziwa yakipata moto pamoja na ganda la limau, mimina theluthi yake juu ya viini huku unapiga, halafu rudisha vyote sufuriani. Koroga bila kuacha, ukifikia pembe za chini. Krimu itakuwa nzito ghafla, kisha mapovu mazito yataanza kupasuka katikati: pwu, pwu. Kuanzia hapo hesabu dakika 1 na nusu, ukikoroga.

Imwage kwenye sinia pana, funika kwa nailoni inayogusa uso wake ili isifanye utando, na iingie kwenye friji mara ikipoa. Kesho utaikuta imeganda kama jeli. Ipige kwa mchapo sekunde 20 tu mpaka ilainike. Ukiendelea dakika nzima unavunja mshikamano wake, na hapo tena italegea.

Binye zangu zinaumuka vizuri kwenye oveni, nikizitoa zinasinyaa. (Msomaji, Kampala)

Hazijakauka ndani. Rangi ya kahawia inakudanganya. Kuta bado ni mbichi na haziwezi kujibeba mvuke ukipoa.

Chemsha maji mililita 250 na siagi gramu 100 na chumvi, tia unga gramu 150 kwa mkupuo, songa kama ugali juu ya moto dakika 2 mpaka utando mwembamba ushike chini ya sufuria. Acha upoe kidogo, uweze kuugusa. Kisha mayai, moja moja, na la nne lipige pembeni ulitie kidogo kidogo: ukiinua mwiko, unga udondoke ukiacha ulimi wa pembetatu. Ukidondoka wenyewe kama uji wa kunywa, umezidisha, na hakuna dawa. Oka nyuzi 200 kwa dakika 15, shusha hadi 175 kwa dakika 15 hadi 20 nyingine, bila kufungua mlango katika dakika 20 za mwanzo. Mwishoni toboa kila moja chini kwa ncha ya kisu, uzirudishe dakika 8 mlango ukiwa wazi kidogo. Tundu hilohilo ndilo la kujazia krimu.

Unga huuhuu, ukimiminwa mduara na kukaangwa au kuokwa, ndio zepole za Napoli zinazoliwa 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, zikiwa na krema pastichera juu na cheri chachu.

Bomboloni zangu zinakunywa mafuta, na katikati ni mbichi. Mandazi napika vizuri tu. (Msomaji, Zanzibar)

Huenda mazoea ya mandazi ndiyo yanakuponza. Bomboloni ina siagi na mayai, kwa hiyo inabadilika rangi upesi. Kwa moto wa mandazi nje inakuwa nyeusi, ndani bado. Kaanga kwa nyuzi 165 hadi 170, dakika 2 kila upande. Kunywa mafuta mara nyingi ni kwa sababu haikuumuka vya kutosha mara ya pili, au ulijaza karai mpaka moto ukashuka. Tia tatu tatu.

Unga gramu 500, maziwa mililita 200, mayai 2, sukari gramu 70, siagi gramu 70, hamira kavu gramu 7, chumvi gramu 8. Siagi iingie mwisho, unga ukishakandika. Ukiumuka mara mbili ya ulivyokuwa, sukuma unene wa sentimita 1.5, kata duara za sentimita 7, kila moja kwenye kipande chake cha karatasi ya kuokea, uziache tena mpaka zivimbe na alama ya kidole irudi polepole. Zidumbukize na karatasi yake, itajibandua. Ukiona mkanda mweupe kiunoni baada ya kugeuza, ziliumuka vizuri. Zijaze zikishapoa kabisa.

Naweza kutengeneza sfogliatella nyumbani, ile ya matabaka yenye krimu ndani? (Msomaji, Maskati)

Ya matabaka, *riccia*, ni kazi ya siku mbili: kinyunga kigumu sana kinavutwa mpaka mwanga upite, kinapakwa mafuta, kinaviringwa kwa kukaza kama mkeka, kinakatwa vipande vya sentimita 1 na kila kimoja kinasukumwa kwa vidole gumba kiwe pembe. Anza na *frolla*, yenye unga wa biskuti: unga gramu 250, siagi 100, sukari 100, maji mililita 50. Ndani hakuna krimu bali semolina gramu 80 iliyopikwa kwa mililita 250 za maji, ikachanganywa na rikota gramu 200, sukari gramu 130, yai, mdalasini na maganda ya machungwa ya sukari. Oka nyuzi 200, dakika 20. Kitafunio hiki kinahusishwa na monasteri ya Santa Rosa huko Conca dei Marini, na Pasquale Pintauro ndiye aliyekifikisha mjini Napoli, 1818.

Ile yenye krimu unayoisema ni *coda d'aragosta*, mkia wa kamba koche. Siri yake ni ndogo: kabla ya kuoka, ndani ya pembe hutiwa unga wa binye. Unapoumuka unayasukuma matabaka yafunguke, na kuacha shimo la kujaza krimu baadaye.

Nataka kuuza kanoli mchana. Nijaze saa ngapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mteja akishaagiza. Maganda matupu yanakaa kwenye kopo lisilopitisha hewa wiki 1 bila shida. Krimu iwe ndani ya mfuko wa kupambia, kwenye kasha la barafu. Kanoli iliyojazwa huanza kulegea ndani ya saa 1. Ukilazimika kujaza mapema, paka ndani ya ganda chokoleti iliyoyeyushwa, iache igande, utapata saa 3 au 4 za ganda kavu. Lakini krimu yenyewe, kwa joto la Dar, isizidi saa 1 nje ya ubaridi, na iliyobaki bakulini mwa mauzo isirudishwe kwenye friji.