Abu Ghraib: walikuwa wa jeshi la akiba
Unasema askari wa zile picha za mateso ya wafungwa katika gereza la Abu Ghraib, Iraki, walikuwa wanajeshi wa kudumu. Hapana ndugu, wengi wao hawakuwa. Walitoka Kombania ya 372 ya polisi jeshi, jeshi la akiba la Marekani (askari wa muda wanaoitwa kazini wanapohitajika), kutoka Cresaptown, Maryland. Ripoti ya 2004 ya Jenerali Taguba, aliyechunguza mateso hayo kwa niaba ya jeshi, inaitaja kombania hiyo, chini ya Brigedi ya 800, na inasema hawakuandaliwa ipasavyo kwa kazi ya gereza. Usiwachanganye na Walinzi wa Taifa, wale kwa kawaida wako chini ya gavana wa jimbo. Ila tusiwabebeshe wote lawama: Joseph Darby, aliyekabidhi diski ya picha kwa wapelelezi wa jeshi Januari 2004, alitoka kombania hiyohiyo.