Muulize Muuguzi: "Hospitali kujaa kunanihusu nini?"

*Shikamoo mama. Nina miaka 27, nauza vipuri vya pikipiki Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na naishi Kisauni na nyanya yangu wa miaka 71, ambaye ana ugonjwa wa sukari. Ndugu yangu anaoa Malindi mwisho wa mwezi huu wa Agosti 2021. Nyanya amedungwa chanjo mara moja tu, sindano ya pili bado, mimi sijachanjwa. Marafiki zangu watatu waliugua korona wakapona nyumbani kwa tangawizi na dawa za maumivu. Naona hatari yangu mimi ni ndogo. Lakini kila nikifungua redio nasikia hospitali zimejaa. Mimi si mgonjwa. Hospitali kujaa kunanihusu nini?*
— Msomaji, Kisauni

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi.

Hesabu yako naikubali. Watafiti waliokusanya takwimu za nchi nyingi mwaka 2020 walikadiria kwamba kwa wenye miaka 25, anayekufa ni kama mmoja katika kila watu 10,000 walioambukizwa. Kwa wa miaka 65 ni 14 katika kila 1,000. Akifika 75 ni 46 katika kila 1,000. Nyanya yako yuko kati ya hao wawili wa mwisho, na sukari inamsogeza juu zaidi.

Sasa tazama takwimu hizo zilitoka wapi. Nyingi ni za nchi ambako mtu akikosa pumzi anapelekwa hospitali, anapata kitanda na anawekewa oksijeni. Wapo vijana wa umri wako waliobanwa kifua, wakalala na oksijeni siku tano, wakarudi nyumbani, wakahesabiwa miongoni mwa waliopona. Waondolee ile oksijeni, uhesabu upya.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2021 jarida la kitabibu la *Lancet* lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo. Wagonjwa wa korona 6,779 waliombewa nafasi ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi. Waliopata ni 3,752. Katika waliofuatiliwa, 48 kati ya kila 100 walifariki ndani ya siku 30, wakati kwingineko duniani ilikuwa kama 31 au 32. Ugonjwa ni ule ule. Kwa hiyo unaponiuliza hospitali kujaa kunakuhusu nini, nakujibu kwamba ile hatari yako ndogo inategemea kitanda kilicho wazi siku utakayokihitaji.

Na kitanda, mwanangu, si chuma na godoro. Nimekuwa muuguzi miaka 22, na mwaka huu ndio nimeona watu wakileta vitanda vya msaada tukakosa wa kuvihudumia. Mgonjwa mahututi anataka muuguzi wake peke yake, mchana na usiku. Anataka umeme usiokatika. Anataka oksijeni, na hiyo inaliwa kuliko watu wanavyodhani: mtungi mkubwa una takriban lita 6,800. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na kidogo. Akipanda hadi lita 15, ni saa saba na nusu. Wagonjwa sita wa namna hiyo wanakula mitungi 19 kwa siku moja, na mitungi hiyo lazima iende kujazwa na irudi.

Kisha fikiria wodi ya vitanda 12, kila mgonjwa akilala siku 12. Wodi hiyo inaweza kupokea mgonjwa mmoja tu kwa siku. Wa pili akifika siku hiyo hiyo, hana pa kulala. Huhitaji maelfu ya wagonjwa kuijaza. Wawili kwa siku wanatosha, na ndani ya juma mbili tunalaza watu kwenye machela varandani. Tena wanaofika leo waliambukizwa juma moja au mawili yaliyopita, kwa sababu pumzi huanza kubana siku ya tano hadi ya nane baada ya homa. Siku tunapotangaza tumejaa, watakaokuja juma lijalo tayari wanayo mwilini, na wengine wao wako harusini.

Nikuhadithie usiku mmoja wa mwezi Machi. Hospitali siitaji. Saa tano usiku tulimtoa kijana katika chumba cha upasuaji, ameanguka na bodaboda, kichwa kimeumia. Korona hakuwa nayo. Alihitaji mashine ya kupumulia, na zote zilikuwa na wagonjwa wa korona. Tukampumulisha kwa kubinya mfuko wa hewa kwa mkono, kwa zamu, mimi na wenzangu wawili, huku daktari akipiga simu hospitali moja baada ya nyingine. Mkono ukichoka unapokezana, huthubutu kuacha. Saa kumi na moja alfajiri kitanda kikapatikana. Kilipatikana kwa sababu mama aliyekuwa amekilalia alifariki. Yule kijana alikuwa na miaka 26. Nadhani naye kabla ya ajali angeniuliza swali kama lako.

Harusi sasa. Kirusi hiki cha Delta, aina ya korona iliyofanya kaunti 13 za upande wa Ziwa Victoria ziwekewe kafyu ya saa moja jioni mwezi Juni, kinaruka kwa kasi kuliko vilivyotangulia, na mtu anaweza kukiambukiza siku moja au mbili kabla ya kuhisi lolote. Kinaelea katika hewa iliyofungiwa. Kwa hiyo hofu yangu ya kwanza si nikahi, ni matatu: watu 14, saa mbili na zaidi hadi Malindi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Hofu yangu ya pili ni ule mkesha wa ukumbini, milango imefungwa, watu wakiimba kwa sauti.

Kama ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekwambia uende kwenye nikahi asubuhi, ukae uani, barakoa ifunike mdomo na pua, kisha uage. Kwenye matatu kaa dirishani na ulifungue, hata wakikununia. Na ukirudi usiingie kwa nyanya. Tafuta rafiki anayeishi peke yake ulale kwake siku 14, na mtu mwingine ampelekee nyanya mahitaji. Kama huna pa kulala, usiende. Mpigie ndugu yako simu umweleze sababu, atakuelewa kuliko nyanya atakavyoielewa homa yako. Kabla ya yote hayo mpeleke nyanya akamalize chanjo yake, na wewe udungwe siku hiyo hiyo. Sindano moja dhidi ya Delta ni kinga pungufu.

Na hao marafiki watatu, nafurahi walipona. Tangawizi inywe. Ila mtu akianza kuhema akiwa ameketi, au kile kipimo cha kidoleni kikisoma chini ya 94, msibaki mnachemsha.

*Mama, nina mimba ya wiki 34, niko Kwale. Jirani zangu wanasema nikijifungulia hospitali nitaambukizwa korona, afadhali mkunga aje nyumbani. Nifanye nini?*
— Mama mtarajiwa

Nenda hospitali, mwanangu. Wodi ya wazazi haichanganywi na ya korona. Mama akivuja damu baada ya kuzaa, anaweza kufa ndani ya saa mbili, na mkunga wa nyumbani hana damu ya kukuongeza wala chumba cha upasuaji. Vaa barakoa, nenda na mtu mmoja tu, wageni wasubiri nyumbani.

Kafyu ya mwaka huu wa 2021 inaanza saa nne usiku, na uchungu hauangalii saa. Zungumza leo na dereva mmoja wa teksi, si bodaboda, akubali kuja saa yoyote. Namba yake iandike ukutani karibu na mlango, aione pia atakayekuwa nawe usiku huo, na kadi yako ya kliniki itundike hapo hapo ili askari wakiwasimamisha muwaonyeshe.