OK ina umri gani?

Nafundisha Kiingereza jioni, darasa la watu wazima, na kwa miaka mingi nilikuwa na hadithi moja niliyoipenda mno. Nilikuwa nasema OK ilizaliwa vitani Marekani: siku ambayo hakufa askari hata mmoja, kikosi kiliandika sifuri na K ya "killed", yaani waliouawa. Darasa linashangaa, nami naona raha. Mpaka siku dereva mmoja wa lori aliponyoosha mkono: "Mwalimu, vita hivyo vilipiganwa lini?" Nikababaika. Nikamwambia nitamjibu Alhamisi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza 1861. OK ilishachapishwa gazetini huko Boston tarehe 23 Machi 1839. Hadithi yangu ikafa hapo hapo.

Kumbe ukweli una utamu wake. Miaka hiyo waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, tena baada ya kuyakosea makusudi. "All correct", yaani yote ni sahihi, wakaigeuza "oll korrect", ikawa o.k. Ni utani uleule wa vijana wetu wanaoandika "xaxa" badala ya "sasa". Vifupisho vingi vya mchezo ule vilikufa. Hiki kilibebwa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa mji wa Kinderhook, aligombea tena. Wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook, wakaunda O.K. Club. Kura hazikutosha, lakini neno lilishasambaa. Aliyefukua yote haya ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika miaka ya 1960.

Basi ukisimuliwa asili ya neno, uliza kwanza lilionekana lini kwenye maandishi. Hasa ukiambiwa limetokana na herufi za mwanzo: hadithi nyingi za namna hiyo zimetungwa baadaye. (OK ni mojawapo ya chache za kweli, ndiyo maana inatuponza.)

Na unapolitumia, angalia unamwandikia nani. Niliwahi kumjibu mteja Mwingereza "OK." na nukta yake, akanipigia simu kuuliza amenikosea nini. Ni kama mama akikwambia "Haya," halafu akanyamaza. Siku hizi naongeza chochote: OK, nitaituma kesho asubuhi.