Safari Sevens, lakini ile ya Ngong Road

Mmeuliza wiki hii ni mashindano gani ya michezo yameipa Nairobi jina kule nje kuliko mengine yote. Najua wengi watawaandikia Safari Rally na sawa, siwezi bisha sana, lakini siku hizi uhondo wa hiyo rally uko Naivasha. Mimi nasema Safari Sevens, yale mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande.

Ilianza 1996 pale uwanja wa raga wa RFUEA, Ngong Road. Raga ya saba kwa saba yenyewe ni ya kitambo, ilizaliwa Melrose huko Scotland 1883, klabu yao haikuwa na pesa, sasa jamaa mmoja wa bucha, Ned Haig, akasema wafanye mashindano walipishe watu, shida ni kwamba mechi za watu 15 kila upande huwezi maliza nyingi siku moja, ndo wakapunguza wachezaji na dakika. Hong Kong wakaanzisha yao 1976. Sisi tukaja miaka 20 baadaye.

Sasa utamu wa ya kwetu ulikuwa uwanja. RFUEA ni padogo, ni nyumbani kwa klabu ya Quins, hakuna traki ya riadha kati yako na wachezaji, winga akishika laini unasikia anavyohema na akisukumwa nje anaweza kukuangukia wewe na chipsi zako. Halafu unaona Samurai, timu ya kualikwa, wamekuja na mastaa waliookotwa nchi mbalimbali, na kijana uliyezoea kumwona kwa klabu zetu za Mwamba ama Impala ndo anaambiwa akamkabe huyo mtu. Kupeleka timu nje ni gharama, kwa hivyo vijana wetu kuletewa wageni mlangoni kila mwaka ilikuwa shule kubwa kuliko watu wanavyosema. Msururu wa dunia wa raga ya saba ulipoanza 1999 sisi tulikuwa tushazoea kugongana na wageni hapa hapa nyumbani.

2011 wakahamia uwanja wa Nyayo, baadaye Kasarani, na tangu hapo imekuwa ikihamahama tu, mara inarudi Ngong Road mara Nyayo tena. Naelewa, watu walikuwa wanabanana na viti ni pesa, na hata huko Melrose si ni pesa ilianzisha hii kitu? Lakini Kasarani ni uwanja wa makumi ya maelfu ya watu, sasa weka umati wa raga humo uone, hata wakija wengi wanapotea, na kutoka jukwaani mpaka kwa posti ni mbali unaangalia kama vile uko kwa TV ya jirani. Waliojaza RFUEA hawakujaa kwa sababu ya raga peke yake jamani, walikuja kubanana.

Na matunda yalionekana. Aprili 2016 kule Singapore, Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya saba, chini ya kocha Benjamin Ayimba (apumzike kwa amani) wakawapiga Fiji 30-7 kwa fainali, taji letu la kwanza la msururu, na hao Fiji ndo walienda Rio Agosti hiyo hiyo wakachukua dhahabu ya Olimpiki. Na Mei 2016, mwezi mmoja tu baada ya Singapore, Collins Injera wetu akapita rekodi ya trai nyingi zaidi za msururu iliyokuwa ya Ben Gollings wa Uingereza.

Kwa hivyo wenye mashindano kama mnasoma hii, rudisheni Ngong Road na mkae hapo. Viti vikiisha tutasimama, tushazoea matatu.