Kabla hujampeleka mama kwenye makao ya wazee

Pole sana, dada. Umesema mama ana dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa), mnaishi Leicester, na umeonyeshwa makao mawili hujui uchague yapi.

Ripoti za CQC, tume inayokagua makao ya England, zisome, ni bure. Ila tazama tarehe: ya miaka mitatu nyuma huenda ilimhusu meneja aliyekwisha kuondoka.

Kisha nenda mwenyewe, na usiende asubuhi. Nenda saa kumi na moja jioni. Wengi wenye dimensia hutaharuki jua likielekea kuzama, wanazunguka, wanataka "kurudi nyumbani". Hapo mtazame mhudumu. Anamshika mkono na kumsikiliza, au anamwambia "kaa chini" huku anapita? Shangazi yangu alikaa mahali penye maua mazuri mapokezini (maua hayamuoshi mtu!), na kila jioni alitulizwa kwa dawa. Kwa hiyo uliza waziwazi: mtu akihangaika, mnafanya nini kabla ya dawa? Usiku wahudumu ni wangapi, kwa wazee wangapi?

Suala la lugha usilidharau. Mama anaweza kupoteza Kiingereza kwanza, akabaki na Kiswahili cha utotoni. Waombe wabandike ukutani maneno machache: maji, choo, njaa, naumwa. Wakikunja uso kwa ombi dogo kama hilo, mchukue mama yako muondoke. Uliza pia kama utaruhusiwa kumletea uji.