Kabla hujapeleka barua ya fildi redioni, nenda Mwaloni

Juzi usiku nilipata ujumbe wa binti wa mwaka wa pili anayesomea uandishi wa habari hapa hapa Mwanza, anatafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo ya kazi kwa vitendo. "Dada shikamoo. Barua ya fildi ninayo tangu mwezi wa nne. Nimezunguka redio tatu, zote wanasema nafasi zimejaa. Wenzangu wanasema bila mjomba ndani huingii. Wewe uliingiaje?"

Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, na usingizi ukaniruka. Swali lake lilinigusa kwenye kidonda ambacho nilidhani kimepona. Nimeona niliandike hapa, maana najua hayuko peke yake.

Mimi niliingia bila mjomba. Nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), pale Malimbe, nikapeleka barua kwenye redio moja ya mjini ambayo sitaitaja. Wakanikubali kwa wiki nane. Siku ya kwanza niliamka saa kumi alfajiri, nikapiga pasi gauni, nikawahi daladala ya kwanza kutoka Nyegezi. Nyumbani Tarime nilikuwa nimeshawaambia wakae karibu na redio.

Wiki mbili nilifuata chapati za watu. Wiki ya tatu ripota mmoja hakufika kazini, mhariri akatazama huku na huku, akaniona mimi. "Nenda Mwaloni kaulize bei ya dagaa."

Mwaloni ni soko la samaki pale Kirumba, na dagaa wake wanakwenda mpaka Congo, Rwanda na Burundi. Nilifika na simu yangu na daftari. Bei ilikuwa imepanda, na kila mfanyabiashara niliyemuuliza sababu alijibu neno moja: mzigo hakuna. Ningeweza kurudi na hilo tu. Kulikuwa na mama anafunga magunia, nikamwuliza na yeye. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, jana usiku hukuuona mwezi?"

Akanieleza huku mikono yake ikiendelea kufunga. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaukusanyikia mwanga, ndipo wanazungushiwa nyavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haivuti kitu, mitumbwi inakaa nchi kavu. Giza likirudi, bei inashuka. Masika nako kuna kilio kingine, akasema: dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka wanaharibika, na kilichokuwa kitoweo cha watu kinauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Yote hayo ni elimu aliyonayo mtu asiyewahi kushikiwa kinasa sauti.

Nilirudi mbio. Niliandika skripti ya dakika mbili. Sauti ya mama niliikata ikabaki sekunde 25, kelele za wapakiaji nikaziweka mwanzo ili msikilizaji ajue yuko sokoni kabla sijasema neno. Nikaingia studio kusoma.

Sasa, mimi ni Mkurya. Lugha yetu haina L, na mtoto aliyekulia Tarime vijijini anafika chuo kikuu bado anasema "kiro" na "bei ya jumra". Nilisoma mstari wa kwanza, "Hari ya upatikanaji wa dagaa", na fundi mitambo akasimamisha kurekodi. Akaita wenzake waje wasikie. Walinirudisha mara ya pili, mara ya tatu, chumba kizima kikicheka. Halafu skripti ikachukuliwa mkononi mwangu, ikasomwa na mtu mwingine, na kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku akamalizia kwa jina lake. Nilisikiliza nikiwa hosteli, na wenzangu niliowaambia wasikilize walikuwa wamenizunguka. Miaka sita imepita na nikipita mtaa ule bado navuka barabara.

Sisemi matamshi si kitu. Kwenye habari, kula na kura ni mambo mawili, na msikilizaji wa msimu wa uchaguzi ana haki ya kujua unasema lipi. Lakini mwanafunzi anasahihishwa. Haonyeshwi watu.

Wiki tano zilizobaki nilifuata chapati, sina cha kusimulia.

Niliporudi chuoni niliomba zamu ya alfajiri kwenye redio ya chuo, ile ambayo kila mtu anaikwepa. Kabla ya zamu nilikuwa nasoma gazeti kwa sauti nusu saa, najirekodi, najisikiliza, kila L iliyokosewa naizungushia kalamu nyekundu. Ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, basi, siku baada ya siku. Karatasi za mwanzo zilikuwa nyekundu tupu. Jumamosi nilikuwa naenda sokoni, stendi, kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo enzi daraja halijafunguliwa, natafuta habari ambayo hakuna aliyenituma.

Mwaka wa tatu ulipofika nilikuwa na taarifa 12 kwenye simu, zote nimeziandika na kuzisoma mwenyewe. Nilikwenda redio nyingine. Barua niliiacha kwenye mkoba, nikamwambia mhariri, "Shikamoo. Nina taarifa ya dakika mbili, naomba uisikilize." Akavaa hedifoni. Akaisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani kasoma. Nikasema mimi. Akaomba ya pili.

Mwezi uliopita nimesaini mkataba wa ajira pale pale. Nasema kwa fahari, sijahongwa wala sijahonga.

Kwa hiyo mdogo wangu, na ninyi nyote mnaozunguka na bahasha za kaki: mhariri anapokea barua nyingi zinazofanana. Nenda na kazi mkononi. Anza mwaka wa kwanza, usisubiri fildi, fildi ni wiki chache na nyingi zitaishia kwenye chapati. Simu uliyonayo inatosha. Isogeze mpaka shubiri moja kutoka mdomo wa anayeongea, na ukimaliza mahojiano usiondoke, rekodi nusu dakika ya sauti ya mahali penyewe. Huna studio? Jifunike blanketi usome humo ndani. Na rekodi zako zote za awali zitunze kwa tarehe, usimpe mtu nakala pekee. Hilo nimelilipia.

Fikirieni pia redio za kijamii, kama ile ya Sengerema. Kila mtu anataka kwenda Dar. Lakini kwenye redio ndogo watu ni wachache, utaandika, utasoma, utahariri, na kosa lako atakusahihisha msikilizaji anayekujua kwa jina.

Mtatumwa kwenye mikutano ya waandishi na mtapewa bahasha ya "nauli". Najua njaa ya mwanafunzi ambaye bumu, yaani pesa ya mkopo wa kujikimu, limechelewa, nimelala nayo. Usipokee. Ukishapokea, swali gumu halitoki tena mdomoni. Na ukianza kusikika hewani usije ukaacha chuo ukadhani umefika: tangu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, uandishi unataka ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, na ithibati inataka cheti chako. Nimeona wenye sauti nzuri kuliko yangu wakirudishwa mlangoni.

Amkeni mapema. Narudia, amkeni mapema. Habari za soko zinaisha saa mbili asubuhi, wakati wengi wenu mnajifunika shuka upya.

Binti, wewe uko Mwanza. Kesho saa kumi na moja alfajiri uwe Mwaloni. Yule mama bado yupo, upande wa magunia, mwambie umeelekezwa na yule Mkurya wa mwezi. Ya mwezi usimwulize, nimeshaifanya. Mwulize kitu kingine, kisha nitumie sauti. Nitaisikiliza mpaka mwisho.